Taa ya Kware

Lebo zilitangulia kufika, kware wenyewe walikuwa bado. Zilikuja ndani ya maboksi mawili yaliyofungwa kwa kamba ya plastiki, zikasukumwa chini ya kitanda cha Bibi, maana katika nyumba ile ya vyumba viwili na sebule hapakuwa na pengine pa kuweka kitu. Zilikuwa lebo nzuri, haki ya mtu apewe: rangi mbili, kingo zimekatwa zikakatika, gundi nyuma, na maandishi mekundu yasemayo MAYAI YA KWARE, FRESHI KILA SIKU. Juu ya maandishi alisimama ndege mwenye madoa.

"Huyu mbona ni kanga?" mke aliuliza. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, na kiatu kimoja bado kiko mguuni.

"Picha ya kware sikuipata. Huyo nilimtoa kwenye kalenda ya zamani. Nani atajua?"

"Kanga anajulikana na kila mtu, mume wangu."

Mume mwenyewe aliitwa Mchapaji, na jina lilimbakia ingawa kazi ilikuwa imemtoka. Kiwanda cha uchapaji alikoingia akiwa kijana asiye na ndevu kilikuwa kimefungwa, kwa sababu siku hizi hata kadi za harusi watu wanatumiana kwenye simu. Siku ya mwisho, wenzake walipokuwa wakigombania viti na feni za ofisi, yeye aliwasha mashine ndogo akachapa lebo kwa wino uliobaki kwenye kopo. Mchapaji ndivyo alivyokuwa: jambo likishachapwa, kwake limeshakuwa kweli. Mtu mwingine angeanza na kware.

"Mtoto hajazaliwa, mbeleko ipo," mke alisema, akakivua kiatu cha pili. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa amesimama tangu alfajiri kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, akinyoosha mashuka ya watu wasiomjua, na mtu aliyesimama kutwa hana nguvu ya kusema kwa ubaya.

Lakini wazo la kware halikuwa la kipuuzi, na wote wawili walilijua hilo. Kiinua mgongo kilikuwa kidogo na kilikuwa kinaliwa kama sabuni ya kuogea, hukioni kinavyopungua mpaka kimebaki kipande. Binti yao wa pekee alikuwa chuo cha ualimu, mji wa mbali, na kila alipopiga simu akaanza na salamu ndefu, walijua ada imekaribia. Kware hataki shamba. Anakula kidogo, anaanza kutaga mapema, na mayai yake kuna watu wanayatafuta kama dawa. Yote hayo Mchapaji aliyasikia kwa Mtaalamu.

*

Mtaalamu alikuwa mfugaji wa mtaa wa pili. Jina hilo alipewa na watu kwa sababu hakuweza kusema hata habari ya mvua bila kutanguliza neno "kitaalamu". Alikuja kukagua nyumba amevaa koti jeupe lililokuwa limeanza kuwa la rangi nyingine, na mkononi ana futi kamba ya fundi.

Alianza na sebule. "Hapa hapana. Watu wanapita pita. Kware, kitaalamu, ni mwoga. Akishtuka anaruka juu, anajipasua kichwa." Akatoka uani, akatazama kamba za nguo za wapangaji, bomba linalovuja na paka wawili waliolala juu ya ukuta. Akarudi ndani. Chumba cha mume na mke alikichungulia tu, akakikataa kwa kuwa kimekaa upande wa barabara, na magari yanapiga honi.

Kikabaki chumba cha Bibi.

Bibi alikuwa mama yake Mchapaji. Kumwita Bibi alianza mjukuu, kisha wazazi, kisha mtaa mzima. Alikuwa amekaa kitandani akitia kiraka kwenye foronya, karibu kabisa na dirisha, kwa kuwa chumbani hamkuwa na taa. Taa ilikuwapo zamani. Balbu ya sebuleni ilipoungua, mwezi ule ule kazi ya kiwandani ilipokwisha, mke aliitoa ya chumbani kwa Bibi akaipeleka sebuleni. Alifikiri kwamba Bibi hasomi na analala mapema. Hakuna aliyemgombeza kwa hilo, na Bibi mwenyewe alisema ni sawa.

"Samahani Bibi, inua miguu kidogo," Mtaalamu alisema.

Bibi aliinua miguu. Futi kamba ikapita chini yake, ikafika ukutani, ikarudi. Alikaa hivyo, miguu juu kama mtoto anayedekiwa sakafu, mpaka vipimo vilipokwisha, na hakuna aliyekumbuka kumwambia aishushe.

"Hapa ndipo," Mtaalamu alitangaza. "Pametulia, pana joto, pako nyuma. Vizimba vitasimama ukuta huu wote, ghorofa tatu. Ila dirisha hili hapana." Dirisha lilikuwa na ufa mkubwa, na kona moja kioo kimetoka, pameshindiliwa karatasi ngumu. "Upepo ni adui wa kware. Weka kioo kipya. Mlango huu unalia, upake mafuta, usije ukawashtua. Na taa. Taa ndiyo mambo yote. Iwashe alfajiri, iwake mpaka usiku. Kware hutaga kwa mwanga. Ukizima taa, umezima mayai."

"Uniti za umeme je?" mke aliuliza kutoka mlangoni.

"Mama, taa inajilipa. Yai linalipa taa."

Bibi aliuma uzi kwa meno machache aliyobaki nayo. "Na mtu akilala humu, hiyo taa haitamsumbua?"

"Mtu?" Mtaalamu alimtazama Mchapaji, na Mchapaji akatazama foronya. "Bibi, hawa ndege wana vumbi la manyoya, na kinyesi chao kina harufu inayokata pumzi. Mwenye kifua hawezi..." Hakumaliza, kwa sababu Bibi alikohoa, kikohozi chake cha kila siku, na safari hii kikasikika kama jibu.

"Hayo tutazungumza wenyewe," Mchapaji alisema haraka. Siku hiyo hiyo akatoa arbuni.

*

Juma lililofuata Mchapaji alifanya kazi kama mtu aliyefunguliwa kamba. Alipima dirisha, akaenda kwa muuza vioo, akarudi amekibeba kioo kichwani juu ya nguo iliyokunjwa. Alikitia mwenyewe, akakipigilia vipande vya mbao, akajifuta jasho, akaridhika. Bawaba za mlango alizipaka mafuta zikanyamaza. Ufa wa sakafuni, ule uliokuwa ukimwangusha Bibi fimbo, aliuziba kwa saruji ili siafu na panya wasiwafuate kware. Mwisho akaweka balbu mpya, nyeupe, yenye nguvu kuliko hata ile ya sebuleni.

Bibi aliyatazama yote kutoka kitandani. Dirisha lile alikuwa ameliombea kioo tangu mvua za mwaka uliopita, akaacha kuomba alipoona kila akiomba mwanawe anashika tama. Mlango alikwisha uzoea. Alipita mkono juu ya kioo kipya, akakuta hakuna upepo.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Waambie kware wako nawashukuru kabla hawajafika."

Mchapaji naye alicheka. Kicheko kilimkauka alipokuwa uani akiosha mikono, lakini hakukichunguza. Kuna mambo mtu akiyachunguza hatalala.

Jioni hiyo Bibi aliwasha taa akakaa tu. Aliona sindano aliyoipoteza muda mrefu, imechomekwa kwenye pazia. Aliona mikono yake pia, akashangaa ilivyozeeka alipokuwa hana taa ya kuitazamia. Mke alipita akaona mwanga chini ya mlango, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, uniti." Taa ikazimwa papo hapo.

*

Swali la Bibi atakwenda wapi halikuulizwa na mtu yeyote ndani ya nyumba. Waliuliza vizimba vitaingiaje mlangoni, chakula cha kware kitanunuliwa wapi, kinyesi kitamwagwa wapi wapangaji wasilalamike. Kila swali lilizunguka kitanda cha Bibi kama mtu anavyozunguka dimbwi. Ukweli, na tuuseme, mke alikuwa akiwataka kware hao kuliko hata mumewe. Miguu yake ilikuwa inavimba. Alikwisha jiona akiwa nyumbani, amekaa kitako, akipanga mayai kwenye trei.

Hatimaye Mchapaji alitoka uani na simu, akampigia dada yake mkubwa.

"Mama anakuja kutembea, au anahamishwa?" dada aliuliza. "Niambie nijue."

"Kwa muda tu, dada. Mpaka mradi usimame."

"Mradi wa nini?"

"Kware."

Nyuma ya dada ikasikika sauti ya mama mkwe wake akiita maji.

"Yaani mnamtoa mama muweke ndege."

"Usiseme hivyo."

"Basi niambie wewe nisemeje."

Dada akashusha pumzi. "Mimi mama simkatai, nimkatae kwa mdomo gani? Lakini kwangu unakujua. Mkwe wangu yuko chumba kile, watoto kile. Atalala kwenye kochi, na taarifa ya habari inaishia usiku. Akiweza kukaa hivyo, mlete."

"Anaweza. Mama hana makuu."

"Najua hana makuu," dada alisema. "Ndiyo maana tunamfanyia haya."

Bibi alikuwa dirishani. Zamani, enzi za karatasi ngumu, angesikia kila neno, maana ufa ule ulikuwa unapitisha umbea wa ua mzima. Kioo kipya kilizuia sauti. Lakini aliuona mgongo wa mwanawe, ulivyoinama, na mkono unavyokwangua rangi ya ukuta kwa ukucha. Alikuwa akikwangua hivyo hivyo utotoni, alipotumwa kwa jirani kukopa chumvi na anaona haya kurudi mikono mitupu.

*

Siku moja kabla ya kware kuletwa, mke alirudi jioni akakuta maboksi ya lebo yamepangwa sebuleni, moja juu ya jingine, yamefutwa vumbi. Mumewe alikuwa ametoka kwenda kuazima mkokoteni wa kubebea vizimba. Mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka bila kulia.

Bibi alikuwa katikati ya chumba, chini ya taa. Godoro lilikuwa tupu. Blanketi limekunjwa, na juu ya kiti pana furushi lililofungwa kwa kanga yake ya zamani.

"Nimeiwasha kidogo tu, niziangalie nguo," Bibi alisema, mkono umeshafika kwenye swichi. "Nazima sasa hivi."

"Iache, Mama."

"Uniti, mwanangu."

"Iache."

Bibi akaiacha, lakini alibaki karibu na swichi, kama mtu anayengoja gari ambalo linaweza kuondoka bila yeye. "Boksi zenu nimezitoa. Nilisema humu wasije kuzichafua. Hao kware wanakuja asubuhi? Kama wanakuja mapema ningependa niwaone kabla sijaondoka. Umri wote huu sijapata kumwona kware kwa karibu. Nimemwona huyo wa kwenye lebo."

"Huyo ni kanga."

"Nilijua. Sikutaka kumvunja moyo."

Mke aliketi kwenye godoro tupu. Hakuwa ameketi tangu asubuhi, na miguu ilimwuma zaidi ilipopata nafasi ya kuuma. "Mama, nani amekwambia unaondoka?"

"Hakuna," Bibi alisema. "Ndiyo nikajua."

Aibu ilimshika mke. Kule hotelini, korido ndefu za ghorofa ya juu zilikuwa zinawaka taa mchana na usiku, hakuna mtu anayepita isipokuwa yeye na kitoroli cha mashuka. Hakuwahi kuzima hata moja, wala kusema neno "uniti". Neno hilo alilileta nyumbani, akampa mama huyu. Na huyu ndiye aliyembebea binti yake mgongoni miaka yote ile, ili yeye aende akanyooshe mashuka.

Alilivuta furushi, akaanza kulifungua. Fundo lilikuwa gumu, likamsumbua, akalifungua kwa meno. Zilitoka nguo chache mno.

"Kware hawaji," alisema.

"Usiseme hivyo, mwanangu. Mtakula nini?"

"Sijui, Mama. Lakini hawaji."

*

Mchapaji alipoingia na habari kwamba mkokoteni umepatikana, alimkuta mkewe anatandika kitanda cha Bibi, na Bibi amepelekwa sebuleni kunywa chai. Walizungumza kwa sauti ya chini, kama watu walio nyumba ya mgonjwa.

"Nimeshatoa arbuni," alisema.

"Kaidai."

"Na ada? Mtoto arudi nyumbani?"

"Nitaomba zamu ya usiku."

"Utaiweza?"

"Sitaiweza," mke alisema. "Lakini nitaiomba."

Mchapaji alikaa chini, akakishika kichwa. "Unadhani mimi nilipenda? Huyu ni mama yangu. Nimeondoka asubuhi ngapi kutafuta kazi, narudi nadanganya nilikuwa sehemu nimekaa na watu? Wananiuliza unajua kutumia kompyuta. Mimi najua wino. Hiki kilikuwa kitu kimoja ambacho ningekifanya bila kuomba kwa mtu."

Alikuwa akilia, kwa namna ya wanaume wa rika lake, bila sauti na bila kujifuta. Mke hakumwambia anyamaze.

"Ni mama yako," alisema baadaye, "lakini balbu niliitoa mimi."

*

Mtaalamu hakukasirika hata kidogo, na hilo lilimuuma Mchapaji kuliko matusi. Alikuwa uani kwake, akiwasukuma kware kwenye kizimba cha kusafiria, na mama mmoja wa mtaa ule alikuwa amesimama pembeni na mkoba wake.

"Wako wameshapata mwenyewe," Mtaalamu alisema. "Nilipopata simu yako usiku, mama huyu alikuwa wa kwanza kuuliza. Ana chumba kikubwa, mwanawe amehama."

"Na arbuni yangu?"

"Kitaalamu, arbuni hairudi. Ndiyo maana ikaitwa arbuni." Kisha akamtazama, akaona viatu vyake vilivyopakwa rangi ili vijidai vipya, akapunguza sauti. "Ngoja nikupe mayai. Yana nyufa kidogo, sokoni hayaendi, lakini ndani ni mazima."

Mama wa mkoba aliangalia pembeni kwa adabu, na adabu hiyo nayo ilikuwa na uzito wake. Mchapaji alipokea trei mbili. Kware walikuwa wadogo kuliko alivyofikiri. Mmoja alimtazama kupitia kwenye waya, kifua chenye madoa kinapanda na kushuka, na kweli hakufanana na kanga hata kidogo.

"Zile lebo zako," Mtaalamu alimwita alipofika getini. "Kama huzihitaji, mimi zingenifaa."

"Zina kosa la picha."

"Nani atajua?" Mtaalamu alisema.

*

Jioni walikula mayai. Waliyachemsha yote, kwa kuwa yenye nyufa hayawekeki. Kumenya yai la kware ni kazi ya kutafuta: ganda linang'ang'ania, utando unateleza, ukimaliza una kitu cha kutosha kumega mara moja. Walimenya wakizunguka meza ya sebuleni, na maganda yakawa mengi kuliko chakula.

"Yangekuwa yanashibisha tungesikitika zaidi," Bibi alisema, akamwekea mwanawe mawili aliyoyamenya. Mke alicheka kwa mara ya kwanza juma lile, kicheko kifupi, kisha akarudisha uso wake wa kila siku. Zamu ya usiku alikuwa ameshaiomba, na msimamizi alimwambia angoje ajibiwe. Mchapaji naye alikuwa amepata habari ya ghala moja linalotaka wapakiaji wa mizigo. Kule hawaulizi kompyuta, wanatazama mabega. Yake hayakuwa ya kutazamwa sana, lakini angekwenda kesho, na fulana ya kazi mke alikuwa ameshamwekea juu ya kochi.

Bibi aliaga, akaingia chumbani kwake. Mchapaji alikaa kidogo. Halafu aliona kwamba chini ya mlango hakuna mwanga, akainuka.

Mama yake alikuwa kitandani, amejifunika mpaka kiunoni, dirisha nyuma yake limefungwa vizuri, haliingizi upepo. Mchapaji alinyoosha mkono akawasha taa. Balbu ya kware ikamulika chumba chote: ukuta mtupu ambako vizimba vingesimama, kitanda, na mwanamke mdogo mno aliyeziba macho kwa kiganja.

"Iwake tu, Mama," alisema. "Ni yako."

"Zima, mwanangu," Bibi alimjibu kwa upole, bila lawama yoyote. "Mimi sitagi."